Watu Walihamishwa, Mbung'o Wakabaki

Ukitoka Nyakanazi kuelekea Rusumo, barabara inapita Lusahunga na Nyakahura, na kuna vipande virefu ambavyo huoni nyumba. Pori limeshika pande zote mbili. Kisha nchi inapanda, na ukifika Bugufi, kwenye milima ya Ngara, migomba imebanana na makazi yamefuatana kilima hadi kilima. Wengi husema tofauti hiyo ni ya mvua na udongo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini pori la Biharamulo lina historia yake, na kwa kiasi kikubwa ni historia ya serikali moja baada ya nyingine kupigana na wadudu na wanyama waletao maradhi: funza, panya, mbung'o, nzi, mbu, na sasa popo. Katika vita hivyo aliyeondolewa mara nyingi zaidi alikuwa mwanakijiji, na kila alipoondoka, mdudu alipata nchi mpya.

Kabla ya 1890: nchi iliyojilinda

Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipita katika ufalme wa Rusubi, katika Biharamulo ya leo, ambao misafara ya pwani iliuita Usui. Mtawala wake, Suwarora, alimzuia mgeni huyo wiki kadhaa mpaka hongo ilipotimia. Speke alilalamika sana juu ya hongo hiyo, ila malalamiko yake yanatuonyesha jambo ambalo hakukusudia kulisema: hii ilikuwa nchi yenye watu, yenye ng'ombe na yenye utawala uliojua nani anaingia na nani anatoka.

Nchi ya namna hiyo humpa mbung'o taabu. Mdudu huyu ana udhaifu mmoja mkubwa, nao ni uzazi wake. Nzi wa kawaida hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hazai hivyo. Hulea buu mmoja tumboni, humzaa baada ya siku tisa au kumi, na buu huyo hujichimbia kwenye udongo laini wenye kivuli, akakaa humo kama mwezi mzima ndipo atoke akiwa mbung'o kamili. Ukimnyima kivuli, udongo wake unakauka. Ukimwondolea ngiri, pongo na nyati, anakosa damu. Wakulima wa Rusubi na wa nchi jirani ya Bushubi walikuwa wakifanya yote mawili katika shughuli zao za kila siku: walichoma nyasi wakati wa kiangazi, walikata kuni, walifyeka mashamba, waliwinda wanyama waliokuja kula mazao, na ng'ombe wao walilisha majani yakabaki mafupi. Mbung'o hakutoweka. Alikuwako maporini katikati ya himaya na himaya, na watu walijua ni wapi pa kupita haraka na ni wapi ng'ombe hapelekwi.

John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika na ambaye mwaka 1947 aliandika pamoja na R. de Z. Hall historia ya Karagwe, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulifafanua jambo hili. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1971, na hoja yake ni kwamba Waafrika walikuwa na namna yao ya kuishi na maradhi ya mbung'o, na kwamba wakoloni waliivunja namna hiyo kabla hawajaielewa. Miaka sita baadaye Helge Kjekshus aliipanua hoja hiyo kwa Tanganyika nzima. Naiona hoja hiyo kuwa ya kweli, na Biharamulo ni mahali pazuri pa kuipimia.

1890–1897: sotoka, kisha funza

Sotoka iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini na kufikia nchi za maziwa makuu mwaka 1890 na 1891. Ng'ombe walikufa kwa wingi ambao wazee hawakuwahi kuusikia. Ndui nayo ikapita, na njaa ikafuata. Mfugaji aliyebaki na ng'ombe wawili hana sababu ya kuchoma nyasi za mbuga nzima, na kijiji kilichopoteza nusu ya watu wake hakiwezi kufyeka kama zamani. Vichaka vikaanza kusogea.

Hapo ndipo funza walipofika. Hawakuwa wadudu wa hapa. Mwaka 1872 meli moja kutoka Brazili ilitia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga uliobeba viroboto hao. Kutoka pwani ile walisafiri katika miguu ya wapagazi, wakapanda na mto Kongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamefika Ziwa Viktoria. Hapakuwa na mtu hata mmoja upande huu aliyejua jinsi ya kuwatoa.

Leo mama wa kijijini Ngara anajua. Anauweka mguu wa mtoto juani, anatafuta doa jeusi katikati ya uvimbe mweupe pembeni ya ukucha, anaipitisha pini kwenye moto, kisha anachokonoa taratibu kuzunguka mfuko wa mayai ili usipasuke, maana ukipasuka kidonda kinaoza. Akimaliza anapaka dawa, na jioni ananyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ili vumbi lisiwe kitalu. Maarifa hayo yote yalitakiwa kujifunzwa tangu mwanzo, kwa machozi, na kizazi kimoja. Oscar Baumann, Mwaustria aliyevuka nchi hii mwaka 1892 akielekea Urundi, alikuta Uzinza, kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria, watu waliopoteza vidole na viungo kwa sababu ya funza, na akaandika juu ya vijiji vizima vilivyokwisha. Mtu asiyeweza kutembea halimi, na asiyelima hafyeki.

Kwa hiyo Wajerumani walipoanza kujenga maboma yao, walikuta nchi iliyodhoofika na pori likiongezeka, nao wakadhani hiyo ndiyo hali yake ya siku zote. Kosa hilo liliongoza maamuzi ya miaka hamsini iliyofuata.

1897–1914: panya wa Kiziba, kambi ya Kigarama

Moja ya kazi za kwanza za kitabibu za serikali katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera ilihusu panya. Huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba, kulikuwa na ugonjwa wa mitoki ulioua haraka, na wenyeji waliuita rubunga. Daktari wa Kijerumani Robert Koch alikuwa ametoka India, ambako tauni ilikuwa ikiua Bombay, na mwaka 1897 alikuwa Dar es Salaam. Daktari wa kijeshi Zupitza alitumwa Kiziba, akachukua vipimo kwa wagonjwa, na Koch akathibitisha kuwa ni tauni ile ile ambayo Alexandre Yersin alikuwa amegundua vimelea vyake Hong Kong mwaka 1894.

Watu wa Kiziba walikuwa na ujuzi wao tayari. Walijua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, rubunga iko njiani, na walihama nyumba hiyo kabla mtu hajaugua. Wakati huo huo huko Ulaya na India wataalamu walikuwa bado wanabishana kama panya anahusika na tauni au la. Paul-Louis Simond aliandika juu ya kiroboto wa panya mwaka 1898, na ilichukua miaka mingi mpaka akubaliwe. Mkulima wa migomba aliyehama kwa kuona panya amekufa mlangoni alikuwa amechukua hatua sahihi bila darubini, na naona hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya afya ya jamii inayostahili kuandikwa katika historia ya mkoa huu. Tazama pia namna alivyohama: kwa uamuzi wake mwenyewe, umbali mfupi, na kwa muda. Uhamisho uliokuja baadaye haukufanana na huo kwa lolote.

Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ilifuata. Upande wa Uganda ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 kati ya 1900 na 1920, wengi wao pwani na visiwani mwa ziwa. Vijana wa Kiziba waliokwenda huko kutafuta kazi walirudi nao. Koch alikaa visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa ya atoksili, yenye arseniki. Ilipunguza vimelea, lakini wagonjwa 22 walipofuka. Mwaka 1907 Wajerumani walifungua kambi ya malale Kigarama, Kiziba. Walipima mitoki ya shingo za watu, walitoa dawa, na walilipa vibarua kufyeka vichaka vya ufukweni, kwa sababu mbung'o wa ziwani anapenda kivuli cha maji.

Biharamulo ilipata boma lake mwanzoni mwa karne ya 20, na jengo lile bado linasimama. Ila huduma ya afya ya boma ilikuwa zaidi kwa askari na kodi. Mbung'o wa Biharamulo hakuwa yule wa ziwani. Ni mbung'o wa miombo, hahitaji maji karibu, na alikuwa akisonga kutoka kusini kuelekea Karagwe bila mtu kumhesabu.

1916–1961: amri ya kuhama

Katikati ya 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliteka Biharamulo. Vita ile ilichukua wapagazi, chakula na mifugo, ikaacha mashamba yaliyorudi kuwa msitu. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walirithi nchi hiyo, na hawakuchelewa kuona malale ya aina nyingine, ile ya Rhodesia, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Aina hii huua kwa miezi, si kwa miaka, na hukaa ndani ya wanyamapori. Kumtibu mgonjwa peke yake hakuisimamishi, kwa sababu pongo porini hapelekwi hospitali.

Mwaka 1922 mlipuko ulitokea Maswa, kisha magharibi yote ikaanza kutoa taarifa: Tabora, Ufipa, Uha, Uzinza, Biharamulo. Serikali ilikuwa na watu wawili wenye fikra zilizotawala miaka hiyo. Mmoja alikuwa C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1936, miaka miwili kabla ya kufa katika ajali ya ndege. Mwingine alikuwa Dk. George Maclean, ofisa wa malale. Maclean aliona kwamba familia zilizotawanyika moja moja ndani ya miombo ndizo zinazougua, na kwamba kijiji kikubwa chenye mashamba yaliyoungana hubaki salama, kwa sababu kazi za mikono ya watu wengi humfukuza mbung'o.

Alikuwa sahihi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ni rahisi kumfanya ofisa wa kikoloni mjinga. Maclean aligundua kwa takwimu kile ambacho Rusubi ya Suwarora ilikuwa ikiishi. Tatizo lilikuwa katika hatua iliyofuata. Nchi ilihitaji watu waongezeke na waenee wakiwa pamoja, na serikali ilitaka jibu la haraka na la gharama ndogo. Kwa hiyo ikawakusanya watu wachache waliobaki katika vipande vidogo, na kuyaacha maeneo makubwa tupu.

Utekelezaji ulikwenda hivi. Timu ya malale ilipita ikihesabu kaya na kupima damu. Mahali palichaguliwa penye maji na karibu na barabara. Amri ilitolewa kupitia watawala wa jadi, na kaya zikatakiwa kuhama kwa msimu uliopangwa. Mara nyingine kodi ilisamehewa ili watu wapate nguvu ya kujenga upya. Walifyeka kwanza uwanja wa makazi, kisha mashamba, kisha mkanda wa nje. Mganga msaidizi aliwekwa kijijini na sindano zake. Barabarani viliwekwa vizuizi vya mbung'o, ambapo msafiri na mzigo wake walikaguliwa kwa nyavu ili asibebe mdudu mgongoni akavuka naye. Aliyekataa kuhama alishitakiwa.

Mkulima wa migomba hahamishwi kama mkulima wa mtama. Shamba la migomba huchukua miaka kukomaa na hurithishwa, na makaburi ya wazee yamo ndani yake. Familia iliyoondoka ilianza na mihogo na viazi kwenye udongo isioujua. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa za Biharamulo na Uzinza ziliondolewa watu kwa njia hii. Bugufi, upande wa Ngara, haikuguswa vivyo hivyo, kwa sababu kule juu kulikuwa na watu wengi na mashamba yalikwisha kuungana tangu zamani. Ndiyo maana hadi leo msafiri anapotoka bondeni kupanda Ngara anaona nchi mbili.

Wagonjwa wa malale walipungua katika makazi mapya. Hesabu za idara zilionyesha mafanikio, na yalikuwa ya kweli kwa waliokuwa ndani ya ule mkanda uliofyekwa. Nje yake, miombo ilifunga mashamba ya zamani katika miaka michache, ngiri na nyati wakarudi, na mbung'o akawafuata. Ardhi hiyo iliyoachwa ndiyo baadaye iliyochorwa kuwa mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi. Mwaka 2019 mapori hayo pamoja na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mgeni anayekwenda kutazama tembo huko anaambiwa ni nyika ya asili. Wajukuu wa waliohamishwa, wakichunga mpakani, huitwa wavamizi.

Katika nyumba zenyewe palikuwa na adui mwingine aliyesahaulika sana, papasi. Koch alikuwa mmoja wa walioonyesha, katika safari yake ya 1904 na 1905, jinsi kupe huyu laini wa kwenye nyufa za kuta na sakafu anavyoeneza homa ya kurudiarudia. Baada ya vita ya pili ya dunia zilikuja DDT na dawa za jamii yake, na mabwana afya wakaanza kunyunyizia nyumba za wageni na kambi za vibarua. Nyumba ya udongo iliyosiribwa vizuri na kupigwa lipu mara kwa mara nayo ilimnyima papasi nyufa za kujificha.

1961–1993: bwana afya na redio

Uhuru ulimkuta bwana afya akiwa mtu wa kuogopwa. Alikagua vyoo, alimwaga maji ya madebe, alipiga faini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilijaribu kumbadilisha. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakasoma vijitabu juu ya malaria, kuhara damu, kichocho, safura na kifua kikuu, kisha wakatoka kuchimba. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Kwa mara ya kwanza serikali ilimwambia mwanakijiji kwa nini nzi anatakiwa kufa kabla ya kumwamuru amuue.

Muda mfupi baadaye, katika operesheni ya vijiji ya 1974, watu wakahamishwa tena. Safari hii sababu ilikuwa shule, zahanati na ujamaa. Sitaieleza sana, ila waliohamishiwa katika makazi ya malale wakiwa vijana na kuhamishwa tena wakiwa wazee walikuwapo.

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina kuwa Kagera mwaka 1979, baada ya vita na Idi Amin. Mwaka uliofuata tauni ililipuka Lushoto, mbali na hapa, na ikaendelea kujirudia kwa zaidi ya miaka ishirini, ikiwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyoifanya nchi ijenge utaalamu wake wa panya, hasa katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Watafiti wa huko waligundua kwamba panya shamba huongezeka kufuata mvua, na kwamba kutega sumu baada ya kuwaona wamejaa ni kuchelewa. Mifugo ya Kagera nayo ilipata nafuu yake: kuanzia 1991 ng'ombe wa ranchi za mkoa waliogeshwa kwa deltamethrini, na mbung'o aliyekuja kunyonya alikufa juu ya ng'ombe. Safari hii mdudu ndiye aliyefuatwa, mfugaji akabaki mahali pake.

1994–1996: Benaco

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Walikaa Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. Kambi zikaongezeka: Lumasi, Musuhura, Kitali, Lukole. Benaco pekee ilikuwa na watu wengi kuliko miji karibu yote ya Tanzania, na wageni waliwazidi wenyeji wa maeneo yale.

Hakuna bwana afya wa wilaya aliyewahi kufundishwa kwa jambo kama hilo. Mahitaji yake, hata hivyo, yalikuwa yale yale ya kijitabu cha 1973, ila yakiwa makubwa mara elfu. Kwanza hutengwa uwanja wa haja, mbali na maji na upande ambao mteremko hauelekei bwawani, kisha mitaro, kisha vyoo vya kaya. Maji yalivutwa kwa pampu na kutiwa klorini. Maghala ya mahindi na maharage yalipangwa magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, ili mlinzi aweze kuzunguka na kuona kinyesi cha panya. Takataka zilifukiwa kila siku. Kuhara damu kulikuja pamoja na watu, aina ile mbaya ya Shigela iliyokuwa ikizunguka Burundi na Rwanda, na nzi ndiye aliyeipeleka kutoka choo hadi chungu.

Miezi mitatu baadaye dunia ilipata kipimo cha kulinganishia. Mwezi Julai watu kama milioni moja waliingia Goma, Zaire, na katika mwezi wa kwanza karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mashirika yalikuwa mengi, dawa zilikuwapo. Lakini Goma imekaa juu ya mwamba wa volkano, na choo hakichimbiki kwenye mwamba. Benaco ilikuwa na udongo. Ngara iliokolewa na jembe kwa kiasi kikubwa, pamoja na wale waliolishika: wakimbizi wenyewe, vibarua wa wilaya, na mabwana afya waliokuwa wakigawa viwanja vya vyoo tangu alfajiri.

Mwaka 1995 hatari nyingine ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Homa ya chawa, tifasi ambayo dunia iliidhani imekwisha, ilianza katika gereza la Ngozi, Burundi, na kufikia 1997 ilikuwa imegusa makumi ya maelfu katika kambi za waliokimbia makazi. Ngara ilikuwa ikipokea Warundi kila wiki. Nguo zilichemshwa na unga wa dawa ukapulizwa katika mishono, mahali chawa anapotaga.

Gharama kwa ardhi ilikuwa kubwa. Miti ilikatwa kwa kuni kilomita nyingi kuzunguka kambi, na wenyeji bado wanaitaja. Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996 kwa amri ya serikali, wengi bila kutaka. Lukole iliendelea na Warundi mpaka 2008. Wilaya ilibakiwa na visima, zahanati na vijana waliokuwa wamejifunza kazi ya afya ya mazingira ndani ya kambi.

2007–2017: dawa ya ukoko

Mbu alikuwa muuaji wa kudumu, lakini kwa muda mrefu hakupewa operesheni yake. Uchunguzi wa 2007-08 ulikuta asilimia 41 ya watoto wa Kagera wenye umri chini ya miaka mitano wana vimelea vya malaria. Unyunyiziaji wa dawa ya ukoko majumbani ulianza Muleba mwaka 2007 kwa fedha za mpango wa Rais wa Marekani dhidi ya malaria, na baada ya miaka michache ulienea mkoa mzima, Ngara na Biharamulo zikiwamo.

Siku ya dawa kijiji kizima kinatoka nje. Magodoro, masufuria, magunia ya maharage, kuku na watoto vyote viko uani. Mpulizaji amevaa ovaroli, barakoa na glovu, ana bomba mgongoni, na anashusha dawa ukutani kwa mistari iliyonyooka, juu hadi chini, akihesabu mwendo ili kila kipande kipate kiasi kile kile. Anayemfuata anaandika kwa chaki mlangoni. Familia inasubiri saa mbili, inafungua madirisha, inafagia mende na buibui waliokufa. Walikuwapo waliokataa, wakisema dawa inaleta kunguni au inaharibu uzazi. Walioweza kuwajibu walikuwa viongozi wa vitongoji na wahudumu wa afya wa jamii, watu ambao watoto wao nao walilala ndani ya kuta zilizopulizwa.

Kufikia 2011-12 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 8. Sijui kampeni nyingine ya wadudu katika mkoa huu iliyopunguza ugonjwa wa watu kiasi hicho bila kumhamisha mtu hata mmoja. Kisha mbu wa Muleba wakaonekana wana usugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, dawa zikabadilishwa kwa zenye bei kubwa zaidi, na eneo la kupulizwa likapunguzwa. Mwaka 2015-16 Kagera ilikuwa imepanda tena hadi asilimia 15. Majaribio ya vyandarua vya aina mpya yaliyofanyika Muleba ndiyo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani livipendekeze mwaka 2017. Mwaka huo huo Rais John Magufuli aliagiza halmashauri zinunue viuadudu vya viluwiluwi vya kiwanda cha Kibaha. Agizo lilikuwa jema. Halmashauri yenye mapato madogo, ambayo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 imeibebesha mbu, panya, nzi na takataka zote kwa pamoja, ilinunua kwa kadiri ya uwezo wake, na huo ulikuwa mdogo.

2023–2025: popo

Tarehe 21 Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua na sita walifariki, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 zamu ikawa ya Biharamulo. Wizara ya Afya ilisema kwanza kwamba vipimo havikuonyesha Marburg; tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha mgonjwa mmoja. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuugua, na wote kumi walikufa. Walifuatiliwa watu 281 waliokutana nao, nyumba kwa nyumba, kila siku, na tarehe 13 Machi mlipuko ulitangazwa kwisha.

Virusi hivyo hukaa ndani ya popo walao matunda wanaoishi mapangoni. Jibu la haraka linalokuja kwa kila mtu ni kuwaua. Uganda ililijaribu. Baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka kuugua Marburg mwaka 2007, popo wa mgodi ule, zaidi ya 100,000, walifukuzwa na kuuawa mwaka 2008. Watafiti walirudi mwaka 2012, ulipotokea mlipuko mpya Ibanda, karibu na mgodi huo. Popo wachache walikuwa wamerudi mgodini. Kabla ya kuuawa, asilimia 5.1 yao walikuwa na virusi. Sasa walikuwa asilimia 13.3. Yaelekea kundi la zamani lilipoondolewa, nafasi ilichukuliwa na popo wachanga kutoka kwingine, wasio na kinga.

Kwa hiyo kinachowezekana Biharamulo ni kazi ndogo ndogo za kudumu. Mapango na mashimo ya machimbo yaorodheshwe. Wachimbaji wadogo wapewe glovu na barakoa, na waelezwe sababu. Matunda yaliyoumwa yasiliwe. Zahanati ya kata iwe na glovu za kutosha mwaka mzima, kwa sababu wengi wa wale kumi waliuguzwa na watu kabla mtu yeyote hajataja jina la ugonjwa. Yote hayo ni kazi ya afisa afya wa kata, mwenye pikipiki moja na mafuta ya kuomba. Mapango yenyewe yanajulikana na wachungaji na wachimbaji wanaoingia maporini kila siku, na wengi wao wanaogopa kusema walikuwa wapi, maana wakisema watatozwa faini ya kuingia hifadhini. Msamaha wa faini hiyo kwa atakayeonyesha pango ungeigharimu serikali kidogo sana, nao ungefaa kutangazwa na mkuu wa wilaya kabla ya msimu ujao wa matunda.